Mji Ulionijua Kabla ya Kunizoea

Mtu akihamia Lamu hana haja ya kujitambulisha. Kabla mizigo yake haijashushwa kutoka kwenye mkokoteni wa hamali, mtaa mzima umekwisha kujua ametoka wapi, amepanga kwa nani, anafanya kazi gani na kama ana mume au hana. Kwa upande wangu habari zilizonitangulia zilikuwa sahihi kabisa: mwanamke wa Mombasa, ameletwa na kazi ya duka la dawa huko Langoni, amekuja peke yake, amepanga orofa ya juu katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Watoto walinisalimu kwa jina ambalo sikuwa nimewaambia. Jambo hilo hufurahisha, na ndilo hilo hilo linalompoteza mgeni, kwa sababu mtu anayesalimiwa kila baada ya hatua tano ni rahisi kudhani kwamba tayari ana marafiki. Mji ambao watu wake wamezoea kuishi ukuta kwa ukuta unaweza kukujua wewe wote, na bado ukakosa hata mtu mmoja ambaye unaweza kumgongea mlango usiku bila ya kuomba radhi.

Umbali uliopo kati ya kujulikana na kuwa na rafiki ndio ninaotaka kuuandikia, na ninauandikia nikiwa mtu wa pwani. Mavazi yangu, sala zangu na chakula changu havikumshangaza mtu Lamu. Kimvita changu kilitambulikana kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, wakakicheka kwa upole, nami nikakicheka Kiamu chao kimoyomoyo. Wenzangu waliotoka bara wakiona mambo magumu walikuwa na la kusingizia: dini, lugha, chakula, joto. Mimi sikuwa na kisingizio chochote, na mambo yalikuwa magumu vilevile.

Sehemu ya ugumu huo imo katika mawe. Lamu ya kale, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, imejengwa na watu waliotaka maisha ya nyumbani yabaki nyumbani. Nyumba zimegeuzia njia kuta nene za matumbawe, na njia zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akipita watu hujibanza ukutani. Anachopewa mpita njia ni mlango na daka lake, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe pande mbili. Daka na baraza ni mahali pa wanaume. Mwanamume mgeni akitaka kuzoeleka anao utaratibu uliokwisha kuwekwa na waliomtangulia: aende Mkunguni, mbele ya ile ngome iliyomalizika kujengwa mnamo 1821, akae pale pale kila siku baada ya alasiri, anywe kahawa chungu, aangalie bao na dhumna, aseme kidogo na asikilize sana. Baada ya muda atakosekana siku asipokwenda, na mtu anayeulizwa “Mbona jana hatukukuona?” amekwisha kuingia. Wanawake tuna maisha yetu nyuma ya kuta hizo hizo, uani na orofani, na zamani hata kutembeleana kulifanyika juu kwa juu kupitia wikio, vile vyumba vinavyovuka njia na kuunganisha nyumba ya ndugu na ya ndugu. Huko hakuna mtu anayepita kwa bahati. Ni lazima uwe na sababu ya kuingia.

Nilipokuwa nikitafuta pa kukaa, dalali alinionyesha nyumba mbili. Moja ilikuwa mpya, upande wa Wiyoni, yenye mlango wake, ngazi zake na tangi lake la maji, na kodi yake ilikuwa nafuu. Ya pili ilikuwa hii ya bibi, ambayo mpangaji wa juu hawezi kupanda wala kushuka bila ya kupita katikati ya uwa wa mwenye nyumba. Niliichagua kwa kuwa ni karibu na duka, na kwa kweli ule uwa niliuhesabu kuwa ndio dosari yake. Miaka mingi kabla sijazaliwa, mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichunguza makazi ya wanafunzi wenye familia ya Westgate, huko MIT nchini Marekani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1950 walionyesha kwamba watu walifanya urafiki zaidi na wale ambao milango yao ilikuwa karibu na yao, na kwamba wakazi wa karibu na ngazi waliwahi kujuana na watu wengi kwa sababu wengine walilazimika kupita hapo. Bibi yangu hakumsoma Festinger. Lakini kitanda chake cha kamba alikiweka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuzifikia ngazi pasipo kusema “Shikamoo, bibi,” na kungoja marahaba, na baada ya marahaba kuulizwa ameamkaje, amekula nini, na kule dukani nani mgonjwa. Swali la mwisho sikulijibu kamwe, naye hakuacha kuliuliza. Nadhani alikuwa akinipima.

Swali lililorudiwa zaidi mwanzoni, hata hivyo, halikuhusu jina wala ukoo. Lilikuwa: “Utakaa mpaka lini?” Nililisikia kwa wateja, kwa majirani, kwa muuza mahamri, na mara ya kwanza lilinichoma kidogo, kama kwamba nafukuzwa. Baadaye nilianza kulielewa. Mji huu kwa karne nyingi umepokea watu wa majahazi waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na siku hizi unapokea watalii wa wiki moja, walimu na wauguzi wanaongoja uhamisho, na mafundi na makarani walioletwa na bandari mpya ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wanawake wa mtaani kwetu wamekwisha kuwa na rafiki muuguzi, akaondoka. Wakawa na rafiki mwalimu, akaondoka katikati ya muhula bila ya kuaga. Aliyekwisha kulia mara tatu hana haraka ya kulia mara ya nne. Kwa hiyo swali lile ni la haki, na jibu linalosikilizwa si la mdomo. Walichokitazama ni kama nimenunua jiko la haja au lile dogo la kuondokea, kama nimelipa kodi ya mwezi au ya mwaka, kama Idi nitaifanyia hapa au nitapanda boti kwenda Mokowe na basi la kwanza la kurudi kwetu.

Mgeni aliyekaa wanamkumbuka vizuri mno. Habib Swaleh Jamalilail alizaliwa Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19, akafanya makazi yake upande huu wa Langoni, akawasomesha hata watu ambao wakubwa wa mji wa wakati ule hawakuona haja ya kuwasomesha, wakiwemo waliokuwa wametoka utumwani. Msikiti wa Riyadha ni alama yake, na kila mfungo sita Maulidi huujaza mji wageni kutoka pande zote za pwani na visiwani. Sitaki kujifananisha na mtu wa daraja lile, ila nataja kwa sababu ni katika Maulidi ndipo nilipojua nimefika wapi. Bibi alipata wageni wengi kutoka Tanga kuliko vyumba vyake, akanijia juu, hakuniomba, akaniambia: “Mwanangu, watatu watalala kwako.” Kesho yake mmoja wao aliniuliza njia ya kwenda Mkomani nami nikamwelekeza, kisha akaniuliza mimi ni mtu wa nyumba gani hapa Lamu.

Narudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na marafiki wa aina nyingine, na si haki kuwapita kimya. Wageni wenyewe kwa wenyewe hutambuana upesi sana. Tulikuwa kundi la wanawake waliohamia kikazi, na jioni za mapumziko, maji yakiwa yametoka, tulitembea ufuoni hadi Shela, kwani maji yakijaa njia ile humezwa. Wenzangu hao waliniokoa na upweke wa miezi ya kwanza na bado nawashukuru. Lakini urafiki wa wageni una kasoro moja ambayo haionekani upesi: chakula chake kikuu ni malalamiko. Tulilalamikia bei ya mboga zinazotoka bara, boti zinazochelewa, na macho ya watu. Kila aliyeanza kupazoea mahali alikuwa na machache ya kuchangia, akaonekana kama anayejitenga. Na simu iliongeza lake. Nilikuwa na kundi la WhatsApp la rafiki zangu wa Mombasa ambalo lilizungumza kutwa nzima, nami niliishi humo, nikicheka vichekesho vya Kisauni huku nimekaa Lamu nimefunga dirisha. Sikujitoa, nilizima tu mlio wake kutoka alasiri mpaka isha, saa ambazo uani watu wamekaa.

Sasa nije kwenye sahani.

Katika mwezi wa Ramadhani, nusu saa kabla ya magharibi, njia za Lamu hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa kawa. Nyumba hii inapeleka vibibi kule, kule wanaleta mbaazi za nazi, mkate wa sinia unakwenda mlango wa tatu, na kaimati zinakuja kutoka mlango wa nne. Ya kwanza kuniletea ilikuwa sahani ya kaure yenye maua ya buluu, imepasuka kidogo ukingoni, na nilipoigeuza kuiosha nikaona chini yake nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha. Sahani nyingi za mtaani zina alama hiyo, nukta au herufi au msalaba mdogo, ili ziweze kuzunguka nyumba za watu mwezi mzima na bado zijulikane zilikotoka. Mtoto aliyeileta alitaja mama yake, ambaye nilimfahamu kwa dawa yake ya pumu na kwa jambo lolote jingine sikumfahamu.

Kila mtu wa pwani anajua kwamba sahani hairudi tupu. Lisilosemwa ni kwamba hairudi upesi pia. Mwalimu mmoja mwenye asili ya Bungoma, mwanamke mwema na mwenye adabu, alikuwa akiirudisha jioni ile ile, imeoshwa na kung’arishwa, juu yake pakiti ya biskuti za dukani. Baada ya wiki mbili sahani zikapungua kwake, na hakuna aliyekuwa amemkasirikia. Jirani zetu walimwelewa kwa namna yao: mtu anayelipa papo hapo ni mtu asiyetaka kudaiwa, na asiyetaka kudaiwa muachie nafasi yake. Sahani iliyokaa kwangu siku nne ilikuwa sababu ya yule mama kunisimamisha njiani na kuniuliza kama naipenda sana, na sababu yangu ya kusema kwamba ndiyo, naipenda, na kwamba nasubiri kupata nazi nzuri. Hapo alinicheka na kunielekeza kwa muuza nazi wake, kisha akaniambia nisinunue mpaka aende nami mwenyewe kwa kuwa wageni wanauziwa koroma. Tulikwenda pamoja. Tambi nilizompelekea hazikuwa na sifa kubwa.

Nimeamini tangu hapo kwamba urafiki wa ukubwani, hasa ugenini, hauanzi kwa kupendana. Tukiwa watoto tulipendana kwanza na mengine yakafuata. Mtu mzima ana tahadhari, ana kazi, ana watu wake, na moyo wake haufunguki kwa sababu umemchekesha. Kinachomfanya arudi kwako mara ya pili na ya tatu ni kwamba kuna jambo baina yenu ambalo halijafungwa: sahani, mchango wa arusi, mtoto uliyemshikia, zamu ya kumpeleka mtu hospitali. Deni dogo lisilohesabiwa ndilo linalowapa watu wawili ruhusa ya kuonana tena bila ya kutafuta sababu. Kupenda huja baadaye, na wakati mwingine hakuji kabisa, na bado mtu yule anakuwa wako.

Ila deni linahitaji muda, na muda wenyewe ni mwingi kuliko tunavyodhani. Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha mwaka 2018 makadirio yake: kiasi cha saa 50 za kuwa pamoja mtu akitoka kuwa wa kujuana tu hadi kuwa rafiki wa kawaida, kiasi cha 90 hadi kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 hadi kuwa rafiki wa ndani. Katika hesabu hizo saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama saa za kukaa tu. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini kaunta ya duka, niliyosimama nyuma yake kutwa kucha nikizungumza na nusu ya mji, haikunipa rafiki hata mmoja. Dukani waliniita daktari, ambalo si cheo changu, wakaniambia siri za miili yao ambazo dada zao hawazijui, kisha wakachukua chenji na kwenda zao.

Saa zangu nilizipata kwenye mchele. Mjukuu wa bibi alipokuwa anaolewa, uwa ule niliouona dosari uligeuka kuwa kiwanda cha kazi. Siku kadhaa mfululizo wanawake walikuja baada ya alasiri, wakatandika mikeka, kila mmoja akapewa uteo na sehemu yake kutoka kwenye gunia. Kuchambua mchele ni kazi inayoshika mikono na macho na kuuacha mdomo huru. Hakuna aliyenialika, kwani nisingeweza kupanda kwangu bila ya kuwaruka; bibi alisogea kidogo na uteo ukanijia. Jioni ya kwanza waliniuliza juu ya dawa tu: sindano za kupanga uzazi, kikohozi cha watoto, kidonge kipi cha presha kinachofanya miguu ivimbe. Jioni ya pili tukawa tunawasema wauza samaki. Siku ya tatu mmoja aliuliza bila ya kuinua macho mume wangu yuko wapi, nami nikawasimulia habari ya talaka yangu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kundi letu la Shela halikuwahi kulisikia. Hawakunipa pole. Mmoja alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa, akasema yeye ameachwa mara mbili na wali wake bado unaiva. Mikono ikaendelea.

Usiku wa kupamba, bibi arusi alipotolewa mbele ya wanawake wa mji, nilikaa na wale wale wa mchele, na si mbele kwenye viti vya wageni. Nguo yangu ilikuwa imesemwa na kupitishwa siku mbili kabla, na mchango wangu umeandikwa katika daftari pamoja na wa watu wengine. Kwa kusema kweli mchango ule uliniuma mfukoni, na mwaka ule ulikuwa na arusi nyingi na hitima nyingi. Anayehamia mji kama huu akitaka watu na aweke akiba ya watu. Hilo nalisema bila ya kulipamba.

Na urafiki ulipokuja ulikuja na madai ambayo sikuyatazamia, kwa sababu mimi nauza dawa. Mteja asiyenijua akitaka vidonge vya rangi mbili nikamwambia alete cheti cha daktari, hununa na kwenda duka jingine. Rafiki hatoki. Mama wa ile sahani ya maua alinigongea usiku, akipita uani kama mtu wa nyumbani, akitaka nimpatie amoksilini kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa na mafua na homa. Nilishuka, nikamtazama mtoto, nikampima joto, nikakaa naye kitako. Nilimweleza kwamba mafua ni ya virusi na dawa ile ni ya bakteria, kwamba haitamsaidia kitu, na kwamba ikitumiwa ovyo leo itakuja kushindwa siku atakapoihitaji kweli kweli. Nilimpa ya kushusha homa na kumwambia kwamba kukipambazuka na bado hali ni ile, nitafuatana naye hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Dadangu, mimi sikuja kwa daktari, nimekuja kwako.” Ni neno zito. Sikumpa. Mtoto alipona baada ya siku tatu, na yeye alinuna kwa muda uliozidi huo, halafu akatuma sahani.

Mwingine hakutuma. Huyu tulikuwa tumekaribiana zaidi, kwa kuwa tulichambua mchele mkeka mmoja na nilikuwa nikila kwake Ijumaa. Alitaka dawa za mkopo za mama yake kutoka duka ambalo si langu, na nilipomwambia kwamba daftari la madeni ni la mwenye duka na yeye amekwisha kulifunga, nilimpa fedha kutoka mfukoni mwangu anunue. Alizipokea, na nadhani ndizo zilizotuvunja, kwa sababu lile halikuwa deni la sahani: lilikuwa na tarakimu. Alizirudisha zote ndani ya bahasha kupitia kwa mtoto, na tangu hapo Ijumaa zikaisha. Hatukugombana. Tukikutana njiani tunaamkiana kama kawaida, tunaulizana hali za nyumbani, na kila mmoja anajibanza ukutani ili mwenzake apite.

Dawa za mama yake anazinunua sasa kwingine. Binti yake bado huja kwangu kununua vitu vidogo vidogo, na kabla ya kuondoka husema mama anakusalimu. Sijui kama kweli ametumwa au ni adabu tu aliyofunzwa, lakini salamu nazipokea na kuzirudisha, na Ramadhani ijayo sahani itakayoanza kutoka kwangu ni ya nyumba yao.